Naomba ushauri: siku mbili za mafunzo ya uongozi na ustahimilivu kwa kikundi chetu cha uokoaji, njia ya Dodoma–Morogoro

Fundi wa Mbande

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi pikipiki, naishi kando ya barabara kuu, kile kipande cha kutoka Mbande kwenda Kibaigwa. Tuna kikundi cha watu 14. Ajali ikitokea huku kwetu sisi ndio wa kwanza kufika, kabla ya polisi na kabla ya gari la wagonjwa. Wapo madereva boda, mama wawili wauza chai, mwalimu mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na vijana wa gereji yangu. Wanne kati yetu tulishafundishwa huduma ya kwanza. Vifaa vyetu ni machela mbili (moja ni ya turubai, tumeishona wenyewe), glovu, tochi, jeki na nondo mbili.

Sasa kata imepata fedha kidogo za kutufundisha kwa siku mbili. Mtendaji ameandika "mafunzo ya uongozi na ustahimilivu", akaniambia mimi nijaze ndani yake nini. Nikiangalia mafunzo ya aina hii yanavyofanyika, naona watu wamekaa ukumbini, projekta ukutani, chai saa nne, posho jioni. Siku mbili hizi naogopa kuzipoteza, na nitawaeleza kwa nini.

Mwezi wa nne, usiku, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, basi dogo liliacha njia likalala ubavu. Nilikuwa wa kwanza kufika. Nikapanda juu, nikaingia dirisha la nyuma mpaka kiunoni, nikamshika mkono mama mmoja aliyebanwa na siti. Nilikaa naye vile kama dakika 20, miguu yangu nje, kichwa ndani. Nilikuwa nasikia wenzangu wakiita, "Fundi, Fundi, tufanyeje?" Nikijibu hawanisikii. Majeruhi mmoja aliwekwa hapa, wengine wakaja wakamhamishia pale. Hakuna aliyekwenda kuzuia magari.

Binti mmoja wa kikundi, ana miaka 19, ndiye aliyeona taa za Fuso linashuka. Akamwambia mzee aliyekuwa jirani yake, "Mzee, lile gari lile." Akajibiwa, "Wewe shika tochi." Akaiacha tochi chini, akafungua kitenge chake, akakimbilia katikati ya lami anakipunga juu ya kichwa. Fuso lilisimama. Asubuhi nilirudi nikaangalia alama za matairi. Kutoka pale mpaka tulipokuwa tumelaza majeruhi ni hatua tisa. Nilizihesabu mara mbili.

Yule mama aliishi. Lakini kijana wangu wa gereji alikuwa amekaa na abiria mwingine, na yule abiria alifariki kijana akiwa amemshikilia. Tangu siku ile kikundini haji. Kazini anakuja, ila lori likipiga honi anaweka spana chini anatoka nje, anasimama nyuma ya ukuta mpaka lipite.

Naomba mnisaidie. Hizi siku mbili nizitumieje? Na huyu kijana nimfanyeje?

---

Afande Mstaafu

Fundi, poleni sana. Na huyo binti, kabla ya mafunzo yoyote, mwiteni mbele ya kikundi kizima mumshukuru. Msimwambie "hongera" halafu mkaendelea na mengine. Mwelezeni alifanya nini na kingetokea nini asingefanya.

Nilianza kazi hii zimamoto ikiwa bado chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nimestaafu sajenti. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwa kishindo hapa mkoani kwetu, kati ya Msagali na Igandu, ikaigonga ya mizigo, nilikuwa kijana wa kubeba machela. Watu 281 walikufa. Sitaandika niliyoyaona. Nitakuandikia kitu kimoja tu: nilibeba tangu nilipofika mpaka giza likaingia, na sikumbuki hata mara moja mtu kuniambia, "Sasa wewe kaa." Nilikuwa naona fahari kutokaa. Wiki tatu baadaye mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini nanawa mikono mpaka viwiko kila nikitaka kula, tena kwa sabuni ya kufulia.

Basi nije kwenye swali lako. Usiku ule kikundi chako hakikukosa ujasiri wala huduma ya kwanza. Kilikosa mtu aliyesimama. Ulipoingia dirishani kilibaki na mikono mingi na hakuna macho. Naelewa ulivyofanya, maana mwenye roho nzuri akiona mkono wa mtu dirishani ataushika. Lakini kuanzia leo kiongozi wa tukio haingii, habebi, hashiki mkono wa mtu. Anavaa riflekta ya rangi tofauti na wenzake, anasimama mahali ambapo kila mtu akigeuka anamwona. Kama inabidi aingie mwenye mikono mizuri kuliko wote, na ni wewe, basi unamvua mwenzako riflekta ya kawaida unamvika ya uongozi, unamwambia kwa mdomo, "Nakukabidhi tukio," naye anajibu, "Nimepokea tukio." Maneno hayo yasemwe kwa sauti, wengine wasikie.

Hili mlifanyie zoezi mpaka mlichoke. Mkiwa katikati ya kazi, mwalimu wa mafunzo anampiga kiongozi bega: umeumia, kaa chini, usiseme neno. Hesabuni inachukua muda gani mtu mwingine kuvaa riflekta. Mara ya kwanza mtaona aibu, watu wataangaliana. Rudieni.

Watu 14 huwezi kuwaongoza wote kwa mdomo mmoja. Kule California, baada ya moto mkubwa wa misitu wa mwaka 1970, vikosi vilikaa kutafuta kwa nini vilikuwa vinagongana vyenyewe kwa vyenyewe. Katika mfumo uliotoka pale kuna kipimo ambacho mpaka leo kinafuatwa: mtu mmoja asimamie kati ya watatu na saba, na watano ndio bora. Kwa hiyo gawa: watu wa njia wanne, watu wa majeruhi sita, watu wa vifaa na simu watatu. Kila kundi lina mkubwa wake. Wewe unaongea na hao wakubwa watatu tu. Akija dereva boda anakuuliza, "Nifanyeje?", unamwonyesha mkubwa wake.

Watu wa njia ndio wanaanza kabla ya mwingine yeyote kugusa gari. Pande zote mbili, mbali, matawi kwenye lami kama madereva wetu walivyozoea, na mtu mwenye tochi mbele ya matawi, siyo nyuma yake. Semi iliyopakia mahindi ya Kibaigwa ikishuka mteremko kwenye lami mbichi haisimami pale dereva anapotaka. Mtu wa simu anapiga 114 ya zimamoto, anasema kijiji, upande wa kuelekea wapi, gari la aina gani, watu wangapi, na kama kuna harufu ya mafuta. Watu wa majeruhi wafundishwe hili mapema: anayepiga kelele anapumua. Nendeni kwanza kwa aliyenyamaza.

Sasa la huyo binti, ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote niliyoandika. Aliona. Akasema. Akaambiwa ashike tochi. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na ni malezi mazuri, lakini barabarani usiku yanaweza kuua. Wenzetu wa ndege walijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1977 huko Tenerife ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Ndani ya ndege iliyokuwa inaruka, fundi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina na uzoefu, akasema ndiyo, wakaendelea. Baada ya ajali kama hizo mashirika yakaanza kufundisha marubani wadogo kusema na marubani wakubwa kusikiliza.

Chagueni neno moja. Sisi kikosini kwangu tulitumia SIMAMA. Yeyote, hata aliyejiunga jana, akiona hatari anasema SIMAMA kwa sauti ya juu, na kila mtu anaganda alipo mpaka kiongozi aangalie. Kwenye mafunzo, mwalimu amnong'oneze kiongozi atoe amri mbaya makusudi, mfano "lazeni majeruhi hapa" mahali pa hatari. Mngoje muone nani atasema. Na akisema, hata kama amekosea, kiongozi amjibu, "Asante, nimeona." Ukimfokea mara moja hatasema tena maisha yake yote.

Zoezi moja liwe la lori la mafuta. Njia ni hiyohiyo iliyopita Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori lilianguka pale Morogoro, watu wakaenda na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Katika zoezi hilo kazi yenu yote iwe kurudisha watu nyuma na kuzima pikipiki na majiko ya chai. Msiokoe chochote. Mtaona lilivyo gumu, maana watakaokuja na madumu ni majirani na shemeji zenu.

Ukumbi uache. Omba trela bovu la trekta, pigilia mabanzi yawe madirisha. Majeruhi wawe magunia ya mchanga, kilo 50 au 60, ukilidondosha gunia haliumii lakini kila mtu analisikia linavyoanguka. Anzeni saa kumi jioni, mrudie tena giza likiwa limeingia. Kila baada ya zoezi kaeni dakika 15: tulitaka nini kitokee, kimetokea nini, kwa nini, tunabadilisha nini. Wewe kiongozi uanze kwa kutaja kosa lako mwenyewe. Halafu mnarudia zoezi lilelile siku ileile.

Kuhusu kijana, nawaachia wanaojua kuliko mimi. Nilichelewa miaka mingi kuongea ya kwangu.

---

Boda Pandambili

Shikamoo mzee. Nakuheshimu sana, ila hapo kwenye SIMAMA sikubaliani. Sisi ajali inakuwa na watu mia, wengine wamelewa, wengine wanapiga picha. Kila mtu akisema simama si itakuwa vurugu? Mtu yuko kwenye kuvuta mlango, unamgandisha kwa sababu mtoto kaona mjusi.

Fundi, mwambie mtendaji posho za boda ziwe hata nauli ya mafuta, kuacha kijiwe saa kumi jioni ndiyo kuacha hela ya siku. Na wa kupiga picha muwapangie mtu. Mimi hao nawapa kazi: shika hii tochi, mulika hapa. Mkono ukishika tochi simu inarudi mfukoni.

---

Afande Mstaafu

Marahaba kijana. La tochi nimelichukua, ni zuri.

Swali lako la vurugu ni la haki. Neno ni la kikundi, wale 14 waliolifanyia mazoezi, na wanaotii ni hao 14. Raia akipiga kelele inabaki kelele. Na kuganda hakuzidi sekunde tano: kiongozi anageuka, anaangalia, anasema "endeleeni" au "tokeni." Kwa miaka niliyokaa kazini nililisikia neno hilo kwenye tukio halisi mara tatu. Moja kati ya hizo tatu ulikuwa waya wa umeme juu ya bati nililokuwa nanyoosha mkono kulishika. Aliyesema alikuwa na miezi miwili kazini.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Kaka Fundi, pole kwa yote. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma mjini, nimekaa mapokezi ya dharura miaka mingi, kisha nikasomea afya ya akili. Nimesoma yote mliyoandika, nataka nigusie jambo moja ambalo naona mkichanganya mtaumia.

Kile kikao cha dakika 15 cha mzee ni cha kazi. Mnaongelea matawi, riflekta, nani alikuwa wapi. Kifanyeni kila mara. Lakini kikao cha "kila mmoja azunguke aseme alijisikiaje, alichoona, alichonusa," cha lazima, siku ileile ya tukio, msikifanye. Kilianzishwa Marekani miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, kwa ajili ya zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa, kikaenea dunia nzima. Utafiti ulipokuja kufanywa, kikao cha mara moja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia madhara ya baadaye, na baadhi ya watu kiliwazidishia. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mtu mwingine yuko tayari kusema usiku uleule, mwingine baada ya mwezi, mwingine atamwambia mkewe tu na inamtosha. Kumlazimisha aliyefunga mlango ni kuuvunja.

Kinachopendekezwa siku za mwanzo kina maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko salama, nani anatetemeka, nani hajala. Sikiliza anayetaka kusema, usimdadisi asiyetaka. Unganisha na watu wake, na chakula, na usafiri, na mtaalamu kama anahitajika. Nusu siku inatosha kuwafundisha kikundi hiki, na yule mhudumu wenu wa afya ngazi ya jamii anaweza kulishika na kuliendeleza.

Ustahimilivu unaouliza, kwa sehemu kubwa unalindwa wakati kazi inaendelea, na hilo liko mikononi mwa kiongozi. Mzee ameshasema lililomtokea: hakuna aliyemwambia akae. Weka zamu. Aliyebeba marehemu mara moja asibebe wa pili kama yupo mwingine. Aliyekaa na mtu mpaka akafariki aondolewe pale na mtu wa kikundi, siyo aachwe aendelee kubeba kwa sababu "anaonekana yuko sawa." Funikeni miili mapema. Msiangalie vitambulisho wala picha zilizo kwenye pochi isipokuwa aliyepangiwa kazi hiyo, maana jina na picha ya mtoto ndivyo vinavyokaa kichwani. Wenzetu waliokwenda Katesh baada ya maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 walikuwa kwenye tope kwa siku, siyo kwa saa, na kazi ya namna hiyo bila zamu ya kulala mtu hawezi kuimaliza akiwa mzima.

Baada ya tukio, hao mama wauza chai wapeni kazi rasmi. Maji ya kunawa, sabuni, chai ya moto yenye sukari, uji kama upo. Mnawe pamoja, mnywe pamoja, kila mtu asindikizwe mpaka kwake na mwenzake. Pombe isiwe ndiyo dawa ya usiku ule. Kesho yake kiongozi anapita kwa kila mmoja, na baada ya wiki anapita tena. Daftari la nani amepitiwa liwe na mtu.

Sasa huyu kijana. Kutolala, kuota, kushtuka na mlio, kukwepa mahali, siku na wiki za mwanzo ni vya kawaida na kwa wengi huisha vyenyewe. Wewe umesema mwezi wa nne, kwa hiyo mwezi mmoja umeshapita na bado honi inamtoa nje. Hapo anahitaji kuonwa na mtu aliyesomea. Anzeni kituo cha afya, wampe rufaa.

Nitasema wazi kwa sababu najua kitakachofuata. Dodoma ukimwambia mtu aende Mirembe, hospitali ya afya ya akili, anasikia matusi. Tangu utotoni tumesikia "wewe wa Mirembe" kama neno la kumkejeli mtu. Kule ni hospitali, kuna wauguzi na madaktari, na watu huenda kliniki wakaongea, wakarudi nyumbani siku ileile kula mlenda na familia zao. Mimi nimewaona askari, walimu na madereva wa masafa marefu wakipita milango ile. Kwenye mafunzo yenu ningependa mtu mzima anayeheshimika aseme mbele ya vijana kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuhitaji msaada.

---

Afande Mstaafu

Dada, nimekuelewa. Fundi, kama nauli itakuwepo nitakuja siku ya kwanza, nitayasema ya 2002 mbele ya vijana wako. Sabuni na yote.

---

Fundi wa Mbande

Shikamoo afande, na dada asante sana. Nimesoma haya mara mbili usiku, mara ya pili na mke wangu.

Nimekaa na mtendaji leo. Ukumbi tumeufuta, fedha yake imekwenda kwenye mafuta ya boda na riflekta 14, moja ya rangi ya chungwa. Trela bovu lipo kwa jirani, anatupa bure mradi tulirudishe kabla ya kilimo. Mwalimu wetu ndiye atakayekuwa mkubwa wa majeruhi. Mkubwa wa njia ni yule binti. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mzee atakuwa kwenye kundi lake. Nikamwambia ndiyo. Mzee mwenyewe nilishamfuata nyumbani kwanza, nikamweleza hatua tisa, tukaenda wote barabarani nikamwonyesha. Aliinama akaigusa ile alama. Hakusema kitu mpaka tuliporudi, akasema atakata yeye matawi.

Nimebakiza la kijana. Nataka niende kwao Alhamisi jioni. Dada, nikifika naanzaje? Nimwambie kuhusu kliniki moja kwa moja? Na nimuulize kuhusu yule abiria au nisimguse hapo?

---

Nesi Zamu ya Usiku

Nenda peke yako, usivae riflekta, na usiende na karatasi ya mafunzo. Kaa naye nje, msaidie kazi yoyote utakayomkuta nayo. Mwambie umeona anavyotoka nje honi ikipiga, na kwamba hujaja kumrudisha kikundini. Hiyo ya pili itamke kabisa, maana ndicho atakachokuwa anakiogopa. Kuhusu abiria usiulize. Akisema yeye, msikilize, usimwambie "yameshapita" wala "ni mapenzi ya Mungu," hata kama unaamini hivyo. Kliniki mtajie mwishoni, na umwambie mtakwenda wote, siku gani, saa ngapi, kwa pikipiki yako. Akikataa usibishane, mwambie utapita tena Jumapili. Na Jumapili upite.

Wewe je, unalala? Ulichoshikilia dirishani dakika 20 kilikuwa mkono wa mtu. Siku mtakayokwenda kliniki, na wewe jiandikishe.